Anayeshika Chupa na Anayetoa Amri: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Idara za Kemia

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Idara za Kemia katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, na kwa mabaraza ya vyuo hivyo.

Barua hii inahusu utamaduni wa usalama wa kemikali, jambo ambalo kila idara ya kemia hudai kuwa nalo na ambalo ni nadra idara kutakiwa ilithibitishe. Utamaduni wa usalama, kama neno hilo linavyotumika hapa, ni mazoea ya kufikiri na kutenda ambayo watu wa idara huyafuata pasipo mkaguzi, saa za jioni, kazi ikiwa imechelewa na matokeo yakiwa yanasubiriwa na mfadhili. Kanuni zilizobandikwa mlangoni na fomu ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huisaini kabla ya kuruhusiwa kuingia maabara huonyesha nia tu, na nia haizimi moto. Hoja inayowasilishwa ni moja. Katika maabara nyingi za vyuo vikuu, anayeshika chupa hana kauli juu ya kazi anayoifanya, na mwenye kauli hashiki chupa. Pengo hilo limo ndani ya ajali nyingi zilizochunguzwa kwa kina, na kuliziba ni wajibu wa wale ambao barua hii inaelekezwa kwao, kwa kuwa wao ndio wenye uwezo wa kufanya hivyo.

Pengo lenyewe halikuletwa na ubaya wa mtu yeyote. Limezaliwa na namna chuo kikuu kinavyopandisha watu vyeo. Mwanakemia huanza kama mwanafunzi anayepima, anayechemsha na anayeosha vyombo. Akifaulu huwa mhadhiri, kisha profesa, na kadiri anavyopanda ndivyo anavyoiacha meza ya maabara na kuhamia kwenye maandiko ya kuomba fedha, vikao vya kamati na usahihishaji wa tasnifu. Meza hubaki kwa mwanafunzi wa uzamili aliyejiunga miezi michache iliyopita, pamoja na fundi sanifu wa maabara ambaye pengine amekaa hapo miaka mingi kuliko profesa, anayejua ni kabati lipi la kufyonza hewa lisilovuta na ni chupa ipi haijaguswa tangu enzi za mtangulizi wake, lakini ambaye haketi katika kikao kinachoamua utafiti upi ufanyike. Uamuzi wa kutengeneza gramu ngapi, kwa haraka gani na kwa fedha zipi, hufanyika mahali pengine. Juu ya hayo huongezeka heshima kwa mwalimu, ambayo katika jamii za ukanda huu ni jambo jema, lakini ambayo ndani ya maabara humfanya kijana anayetegemea saini ya msimamizi ili ahitimu aone afadhali kunyamaza kuliko kuuliza swali litakaloonekana kuwa ukaidi.

Mfano unaolionyesha pengo hili waziwazi ni wa Chuo Kikuu cha Texas Tech, katika mji wa Lubbock nchini Marekani, ambako tarehe 7 Januari 2010 mwanafunzi wa shahada za juu alijeruhiwa vibaya na mlipuko. Kundi lake lilikuwa likichunguza viambata vinavyolipuka, kwa mradi uliogharimiwa na wizara ya usalama wa ndani ya nchi hiyo, na kiambata kilichohusika kilikuwa na nikeli, haidrazini na perklorati ndani yake. Orodha hiyo peke yake ni onyo kwa mwanakemia, kwa sababu haidrazini huungua, perklorati hutoa oksijeni ya kuunguzia, na vyote viwili vimefungwa ndani ya fuwele moja. Wasimamizi walikuwa wameweka kikomo cha miligramu 100 kwa kila utengenezaji, lakini kikomo hicho kilitolewa kwa mdomo, hakikuandikwa popote, na hapakuwa na utaratibu wa kuhakikisha kwamba kila aliyejiunga na kundi amekisikia na kukielewa. Wanafunzi wawili, wakitaka sampuli moja itakayotosha vipimo vyote ili matokeo yasitofautiane, walitengeneza takribani gramu 10, yaani mara 100 ya kikomo. Nia yao, ikumbukwe, ilikuwa nia ya kisayansi kabisa.

Bidhaa ilitoka ikiwa na madonge. Mmoja wao aliweka karibu nusu yake katika kinu kidogo cha maabara, akailowesha kwa heksani, na kuanza kuyavunja madonge taratibu kwa mchi. Katika kundi hilo ilikuwa imeshazoeleka kuona kwamba kiasi kidogo cha kiambata hicho kikiwa kimeloa hakilipuki hata kikigongwa, na kwa hiyo ikachukuliwa kwamba kiasi kikubwa nacho kitatulia vivyo hivyo. Alikuwa amevaa miwani ya kinga. Alipoona amemaliza aliivua na kusogea pembeni, kisha akarudi kuyageuza madonge kwa mara nyingine bila kuivaa tena, na hapo kinu kikalipuka. Alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kushoto, akaungua mikono na uso, na jicho lake moja likaumia.

Msomaji mwenye haraka ataishia kwenye miwani, atasema kijana hakuwa mwangalifu, na ataagiza bango jingine. Bodi ya Marekani ya uchunguzi wa ajali za kemikali, chombo cha serikali ambacho hakitozi faini wala hakishtaki bali huchunguza na kupendekeza, haikuishia hapo. Ripoti yake ya Oktoba 2011, iliyokuwa ya kwanza ya bodi hiyo kuhusu maabara ya chuo kikuu, ilianzia kwenye kinu na kupanda ngazi hadi juu. Ilikuta kwamba tangu mwaka 2007, katika maabara za wasimamizi walewale, yalikuwa yametokea matukio mawili ambayo hayakuleta madhara makubwa na ambayo funzo lake halikuandikwa wala kusambazwa. Kwamba mfadhili hakuwa ameweka masharti ya usalama katika mkataba wa utafiti. Kwamba ofisi ya usalama ya chuo haikuwa chini ya kiongozi anayesimamia utafiti, hivyo ushauri wake haukuwa na meno. Na kwamba walikuwapo maprofesa walioona ukaguzi wa maabara zao kuwa ni kuingiliwa uhuru wao wa kitaaluma. Kosa la miwani lilidumu kwa sekunde chache. Makosa mengine yote yalikuwa na umri wa miaka.

Suala la kikomo cha miligramu 100 linastahili kutazamwa kidogo zaidi, kwa sababu linaonyesha kwamba usalama ni kemia yenyewe na haupaswi kuhesabiwa kuwa kazi ya ofisini iliyopachikwa juu ya kemia. Mmenyuko unaotoa joto huzalisha joto hilo katika ujazo wote wa mchanganyiko, lakini hulipoteza kupitia kuta za chombo tu. Chombo kikiongezwa ukubwa mara mbili kwa urefu, upana na kina, ujazo wake huwa mara 8 ilhali eneo la kuta zake huwa mara 4, na kwa hiyo joto lililokuwa likitoka bila shida katika kijichupa huanza kujilimbikiza katika chupa kubwa, joto huharakisha mmenyuko, na mmenyuko ulioharakishwa huzidisha joto. Viambata vya kulipuka navyo vina sababu zao za ziada za kutovumilia kukuzwa kwa kiasi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyesoma nishati ya kikemia anaweza kuipiga hesabu hii kwenye karatasi. Kinachokosekana ni mtihani unaomdai aipige, na mwalimu anayeiona kuwa na hadhi sawa na hesabu ya kasi ya mmenyuko.

Mwaka mmoja hivi kabla ya mlipuko wa Lubbock, tarehe 29 Desemba 2008, Sheharbano Sangji, mtafiti msaidizi mwenye umri wa miaka 23 katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikuwa akihamisha kwa bomba la sindano la plastiki kimiminika chenye tert-butili-lithi, ambacho huwaka chenyewe mara kinapogusana na hewa. Kisukumio cha bomba kilichomoka, kimiminika kikamwagika na kuwaka, na moto ukashika sweta lake la nyuzi za viwandani, kwa kuwa hakuwa amevaa koti la maabara. Alifariki tarehe 16 Januari 2009. Kwa viwango vikubwa vya kimiminika cha aina hiyo ipo njia salama zaidi, ya kutumia sindano ndefu yenye ncha pande zote mbili inayokihamisha kimiminika kwa kusukumwa na gesi tulivu bila hewa kupenya popote. Lakini njia hiyo hufundishwa kwa mkono, na mwenye mkono unaoijua akiwa hayupo mezani, mgeni hutumia anachokijua. Zaidi ya hayo, takribani miezi miwili kabla ya ajali maabara hiyo ilikuwa imekaguliwa, na watu kutovaa makoti ya maabara lilikuwa mojawapo ya mapungufu yaliyoandikwa. Karatasi ilikuwapo. Wahenga walisema mkubwa ni jalala, kwa maana kwamba lawama zote humwishia yeye. Katika ajali za maabara methali hiyo hugeuka, na lawama za mwanzo humwangukia aliyeungua.

Mkondo wa sheria uliofuata ajali hiyo una funzo lisilozungumzwa vya kutosha. Mamlaka ya usalama kazini ya jimbo la California ilichunguza na kutoza faini ya dola 31,875 kwa sababu Sangji alikuwa mwajiriwa. Kama angekuwa mwanafunzi tu, akifanya kazi ileile, mezani palepale, na chupa ileile mkononi, mamlaka hiyo isingekuwa na la kusema. Mwishoni mwa mwaka 2011 chuo na profesa aliyemsimamia walifunguliwa mashtaka ya jinai, jambo ambalo halikuwa la kawaida hata kidogo katika historia ya maabara za kitaaluma. Mwaka 2012 chuo kilifikia makubaliano yaliyokifunga kutekeleza hatua za usalama katika idara zake zote za kemia, na mwaka 2014 shauri la profesa nalo likamalizika kwa makubaliano bila hukumu ya hatia. Huko Texas hali ilikuwa na upofu wake mwingine, kwa kuwa sheria ya shirikisho ya usalama kazini haiwagusi waajiriwa wa vyuo vya umma vya jimbo hilo.

Afrika Mashariki haina sababu ya kujiona imepona. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na katika mwaka huohuo ilitungwa Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani, ambayo usimamizi wake uko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kenya ina sheria yake ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007. Ni sheria zenye uzito, na zinawataka waajiri kufanya mengi. Hata hivyo, hata pale zinapowagusa watu wengine waliomo mahali pa kazi, lugha yake imejengwa juu ya mwajiri na mwajiriwa, ilhali mtu anayekaa karibu zaidi na chupa katika chuo kikuu ni mwanafunzi, ambaye halipwi mshahara bali analipa ada. Idara haihitaji kusubiri Bunge ili kuliondoa tatizo hili. Kwa uamuzi wa kikao kimoja inaweza kuandika katika kanuni zake kwamba kila anayefanya kazi maabarani, awe mwanafunzi wa shahada ya kwanza, mtafiti mgeni au mfanya usafi, atapewa kinga, mafunzo na haki zote ambazo sheria inampa mwajiriwa.

Miongoni mwa haki hizo, moja ndiyo kiini cha barua hii, nayo ni haki ya kusimamisha kazi. Tarehe 16 Machi 2016, katika Chuo Kikuu cha Hawaii, mtafiti aliyekuwa na shahada ya uzamivu alipoteza mkono baada ya tanki la lita 49 lenye mchanganyiko wa haidrojeni, oksijeni na kaboni dayoksaidi kulipuka. Huyu hakuwa mwanagenzi, wala hakunyamaza: alikuwa amewahi kupata mshtuko wa umeme tuli, yaani ule mpigo mdogo wa umeme unaojilimbikiza juu ya vitu, alipogusa vifaa hivyo, na alitoa taarifa. Kazi iliendelea. Kusema, kumbe, hakutoshi pale ambapo anayesema hana uwezo wa kuzima mtambo mpaka apewe jibu, na ambapo anayepokea taarifa haoni kuwa ana wajibu wa kuijibu kwa vitendo.

Waheshimiwa wanaombwa kwa hiyo kuweka katika maandishi kwamba mtu yeyote aliyemo maabarani anaweza kuisimamisha kazi yoyote anayoihofia, bila kutakiwa kuthibitisha hofu yake kwanza, na kwamba kazi hiyo haitaendelea mpaka msimamizi afike mwenyewe, aitazame, na aandike sababu ya kuiruhusu. Watakaosema kwamba wanafunzi watalitumia jambo hili kukwepa kazi wanaombwa kuwafikiria wanafunzi hao tena: kijana aliyehangaikia nafasi ya uzamili na anayehesabu miezi iliyobaki kabla ya ufadhili kwisha hana faida yoyote katika kujisimamishia utafiti. Hatari iliyopo ni ya upande wa pili, kwamba haki itaandikwa na hakuna atakayethubutu kuitumia, na ndiyo maana mara ya kwanza itakapotumika, hata kwa jambo litakalobainika kuwa dogo, mkuu wa idara anapaswa kumshukuru aliyesimamisha mbele ya wenzake.

Kuna kielelezo cha kale cha kuunganisha hatari na mamlaka, nacho hakikutoka chuoni. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, familia ya du Pont iliyokuwa ikitengeneza baruti kando ya mto Brandywine, katika jimbo la Delaware, ilikaa jirani na vinu vyake, na ikaweka kanuni kwamba hakuna mfanyakazi atakayeingia katika kinu kipya au kilichojengwa upya mpaka mmoja wa wakuu wa kampuni awe amekiendesha kwa mkono wake. Kanuni hiyo haikufuta milipuko, na mwaka 1818 vinu hivyo vililipuka na kuua watu wengi. Lakini iliweka jambo moja sawa, kwamba mtoa amri anakuwa wa kwanza kusimama mahali anapomtuma mwenzake. Idara ya kemia inaweza kuwa na kanuni ya namna hiyo bila gharama yoyote: mmenyuko wa hatari unaofanywa kwa mara ya kwanza, au unaoongezwa kiasi kwa zaidi ya mara 3, ufanywe msimamizi akiwa mezani, amevaa miwani na koti kama wengine. Profesa asiye na nafasi ya kufanya hivyo mara chache kwa muhula atakuwa ametoa jibu juu ya ukubwa wa kundi analoweza kulisimamia.

Jambo jingine linaloombwa ni daftari la nusura. Nusura ya ajali ni tukio ambalo lingeweza kudhuru lakini halikudhuru: chupa iliyotoa mvuke ilipofunguliwa, glavu iliyotoboka, moto uliozimwa kwa kitambaa kilicholoa kabla ya mtu yeyote kujua. Katika idara nyingi matukio haya husimuliwa kwa kicheko wakati wa chai na kupotea, na pamoja nayo hupotea taarifa ambayo mtafiti angeithamini sana kama ingekuwa inahusu chochote kingine. Matukio mawili ya Texas Tech yalikuwa taarifa ya namna hiyo. Kinyume chake ni yale yaliyofanywa na wenzake Karen Wetterhahn, profesa wa kemia wa chuo cha Dartmouth na mtaalamu mashuhuri wa sumu za metali. Mwezi Agosti 1996 matone machache ya dimethili zebaki, kiambata cha zebaki kisicho na rangi, yaliangukia glavu yake ya mpira. Alikuwa amevaa kila kilichopendekezwa wakati huo, akifanya kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa. Dalili zilianza kuonekana miezi kadhaa baadaye, na alifariki tarehe 8 Juni 1997. Majaribio yaliyofanywa kwa sababu yake yalionyesha kwamba sumu hiyo hupenya glavu za aina ile kwa sekunde 15 au pungufu, na wenzake walichapisha onyo hilo yeye akiwa bado hai, mwezi Mei 1997, wakieleza kwa uwazi kilichotokea ndani ya idara yao ili maabara nyingine duniani zibadili glavu. Hakuna kanuni iliyovunjwa na mtu katika kisa hicho. Kanuni ndiyo iliyokuwa na upungufu, na upungufu wa kanuni hauonekani mpaka watu wakubali kusimulia.

Daftari hilo lisiwe la siri wala la adhabu. Lisomwe kama ajenda ya kwanza ya kila kikao cha idara, kabla ya ratiba za mitihani, na anayeandika tukio lake asihojiwe kama mtuhumiwa. Anayestahili kuhojiwa ni aliyeficha. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota wanafunzi wenyewe waliunda timu ya usalama kuanzia mwaka 2012, kwa ushirikiano na kampuni ya kemikali ya Dow, na kazi hiyo ikasifiwa. Mwaka 2014 mlipuko ukamjeruhi mwanafunzi mmoja wa idara hiyohiyo, na badala ya kujificha nyuma ya sifa zake, mkuu wa idara alieleza hadharani kilichokosewa. Huo ndio utamaduni unaozungumziwa hapa, na hauna uhusiano mkubwa na siku ya usalama inayoadhimishwa mara moja kwa mwaka kwa fulana na hotuba.

Sasa kuna jambo ambalo vitabu vya kigeni haviwezi kuwafanyia wakuu wa idara wa ukanda huu, nalo ni kufikiri juu ya mahali maabara ilipo. Maelekezo mengi ya usalama yameandikwa kwa kudhani chumba chenye nyuzi joto 20 hadi 25, umeme usiokatika na maji yasiyokoma. Dietili etha, kiyeyushi kinachotumika karibu kila maabara ya kemia ya kikaboni, huchemka kwenye nyuzi 34.6 za Selsiasi. Mchana wa Februari, Dar es Salaam au Mombasa, hewa ya nje hufika nyuzi 32 na kuzidi, na chumba chenye majiko ya umeme na madirisha machache hakiko nyuma. Yaani chupa ya etha iliyoachwa mezani iko karibu kabisa kuchemka bila kuwekewa moto wowote. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi bali huteleza juu ya meza na kushuka sakafuni hadi ukutane na mwali au cheche, ambayo inaweza kuwa upande wa pili wa chumba.

Fundi sanifu mwenye busara, akiliona hilo, huiweka etha kwenye friji, na hapo ndipo mtego wa pili ulipo. Friji ya kawaida ya nyumbani ina swichi ya joto na taa zinazotoa cheche ndogo ndani ya kabati lake. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, friji hupata joto, mvuke wa etha hutoka kwenye kifuniko kisichobana sawasawa na kujaa ndani ya kisanduku kilichofungwa. Umeme ukirudi, swichi hubofya yenyewe ili kuwasha mtambo, na cheche inakutana na mchanganyiko wa mvuke na hewa bila mtu kugusa kitu. Zipo friji maalumu zisizo na swichi wala taa ndani, na bei yake ni kubwa, lakini kuhamishia swichi na nyaya nje ya kabati ni kazi ambayo fundi mzuri wa friji anaielewa, na uamuzi wa kutonunua etha zaidi ya mahitaji ya muhula hauna bei. Etha iliyokaa muda mrefu ikiguswa na hewa na mwanga huunda peroksaidi, viambata vinavyoweza kulipuka kwa msuguano wa kufungua kifuniko tu. Kinga yake ya kwanza ni kalamu: tarehe ya kufunguliwa kwa chupa iandikwe kwenye lebo siku hiyohiyo.

Maji nayo yana hesabu yake. Kuchemsha mchanganyiko kwa saa nyingi huku mvuke ukipozwa na kurudishwa chupani ni kazi ya kila wiki katika maabara ya kikaboni, na kipozeo hutegemea maji ya bomba yanayopita bila kukoma. Maji yakikatika saa 9 usiku, mvuke wa kiyeyushi huanza kutoka chumbani huku jiko likiendelea kuwaka. Kwa hiyo idara iliyo katika mji wenye mgao wa maji haina budi kukataza kuchemsha usiku bila mtu, au kuweka tanki na pampu ndogo ya kuzungusha maji yaleyale. Na bomba la mvua la dharura linalotegemea maji hayohayo ya mgao lazima lifunguliwe na kujaribiwa kila wiki, kwa kuwa aliyemwagikiwa asidi hana muda wa kugundua kwamba bomba ni kavu.

Hoja ya fedha ina ukweli wake na haifai kupuuzwa. Makabati ya kufyonza hewa ni ghali, na kuyatunza ni ghali zaidi. Lakini mengi yaliyoelezwa hapa juu, yaani kikomo kilichoandikwa, tarehe kwenye lebo, msimamizi kufika mezani, daftari kusomwa kikaoni, ni mambo ya mamlaka na muda, na ndiyo sababu hufanyika kwa nadra: fedha huweza kuombwa kwa mfadhili, ilhali mamlaka lazima mtu ayaachie. Kuhusu uhuru wa kitaaluma inatosha kusema kwamba ni uhuru wa kuchagua swali na kutangaza jibu, na haujawahi kuwa uhuru wa kuchagua nani aumie katika kulitafuta.

Mabaraza ya vyuo yanaombwa kuiweka ofisi ya usalama chini ya Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayesimamia utafiti, badala ya kuiacha pamoja na majengo na bustani, na kuipa uwezo wa kufunga maabara bila kumwomba ruhusa mwenye maabara. Yanaombwa pia kudai kwamba kila tasnifu yenye kazi ya maabara iwe na sehemu inayoeleza vihatarishi vilivyokutwa na namna vilivyodhibitiwa. Majarida ya Jumuiya ya Kemia ya Marekani tangu mwaka 2017 yamekuwa yakiwataka waandishi wataje hatari za kazi zao, kwa hiyo mwanafunzi atakuwa anajizoeza jambo atakalodaiwa baadaye. Nao wakuu wa idara wanaombwa, kabla mazoezi ya vitendo ya muhula ujao hayajaanza, wakae nusu siku na mafundi sanifu na wafanya usafi wao, pasipo maprofesa wengine chumbani, na kuwauliza ni kitu gani katika maabara hizo wao wenyewe hukwepa kukigusa. Majibu yaandikwe, kila jibu lipangiwe fedha, tarehe na jina la mhusika, na nakala ibandikwe mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuisoma.